Mita Ilisema Volti Mbili na Nusu

Mashine ilifika Kilosa ikiwa imefungwa kwa khanga kuukuu, ndani ya kiroba, mapajani mwa mwalimu mstaafu aliyepanda basi la asubuhi kutoka Mikumi. Njia ile ya vumbi hupita kata iitwayo Ulaya. Jina hilo huwachekesha wageni, na siku hiyo mwalimu hakuacha kulitania: kitu alichokitoa Ulaya mwaka 1986 kilikuwa kimepita Ulaya tena, ila safari hii kikiwa maiti.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, fundi. Nimekuletea mgonjwa. Usiniambie hana dawa kabla hujamfunua.”

Ilikuwa mwaka 2019. Fundi alikuwa na fremu ndogo karibu na stendi, na kazi zake zilikuwa zilezile za fundi yeyote wa mji mdogo: redio, televisheni, chaja, spika za makanisa, inveta za sola. Alichokikuta ndani ya khanga hakikuwa na ndugu kati ya hivyo. Kilikuwa kibodi nene ya rangi ya udongo, yenye kompyuta nzima tumboni mwake: Commodore 64, aina iliyoingia sokoni mwaka 1982 na kilobaiti zake 64 za memori. Pamoja nayo kulikuwa na kinasa kaseti cha kampuni hiyohiyo na kaseti moja yenye maandishi ya kalamu ya wino yaliyofifia. Mwalimu hakuitaka mashine kwa ajili ya mashine. Alikitaka kilichokuwa ndani ya kaseti: programu aliyoiandika mwenyewe kwa ajili ya wanawe, wakati huo wakiwa shule ya msingi.

Msomaji wa leo anaweza asielewe ugeni wa kitu hicho katika nyumba ya mwalimu wa zama zile. Serikali ilianza kutumia kompyuta mapema, mwaka 1965, kwenye Wizara ya Fedha. Lakini mwaka 1974 ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini, na hata masharti yalipolegezwa katika miaka ya 1980, chombo cha namna hiyo kilibaki kitu cha kuletwa na mtu aliyetoka masomoni. Commodore huonyesha maandishi yake kwenye televisheni ya kawaida, nayo Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa televisheni ya mwalimu haikuwa na kazi nyingine ila kuonyesha mikanda ya video na kuwa kioo cha kompyuta yake.

Fundi alianza vizuri. Hakuichomeka mashine kwenye umeme. Alipima kwanza pawa saplai peke yake. Pawa saplai hiyo hutoa volti 9 za umeme geu na volti 5 za umeme mnyoofu, na ndani imejazwa gundi ngumu kama jiwe, haifunguki. Ikizeeka, kipande kinachodhibiti volti 5 huweza kuachia, volti zikapanda, na wa kwanza kuungua ni chipu za memori. Mita ilionyesha volti 6.1 pale palipotakiwa 5. Akaitupa kando, akatengeneza nyingine kwa transfoma na saketi ya kudhibiti volti, akawasha. Kioo kikabaki cheusi.

Hapo ndipo mita ilipoanza kumdanganya. Kila kompyuta ina mapigo yake kama moyo. Katika Commodore ya Ulaya prosesa hupigwa karibu mara milioni moja kwa sekunde, megahezi 0.985 kwa hesabu kamili. Fundi aliweka ncha ya mita kwenye mguu wa mapigo hayo, ikasoma volti mbili na nusu. Kwa fundi aliyezoea redio, volti mbili na nusu mahali panapotakiwa volti tano ni ugonjwa. Kumbe mita haisemi kinachotokea, inasema wastani. Mapigo yakiwa nusu ya muda juu na nusu chini, mita itasema katikati, na waya uliokufa katikati nao utasomeka vilevile. Ni kama mtu anayeuliza kina cha Mto Mkondoa akajibiwa kwa wastani wa mwaka. Wastani haukuwaambia watu wa Kilosa lolote kuhusu mafuriko ya mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyobeba nyumba na kuikata reli ya kati kuelekea Gulwe. Mto ule ni wa kutazamwa saa baada ya saa.

Chombo cha kutazama umeme kwa namna hiyo ni osiloskopu, ambayo mafundi huiita skopu kwa kifupi. Huchora volti zikipanda na kushuka kadiri muda unavyokwenda, kazi iliyoanza mwaka 1897 pale Mjerumani Karl Ferdinand Braun alipobuni bomba la kioo lenye mwale unaoyumbishwa na umeme. Fundi aliisoma chuoni, akaiona mara mbili ikiwa imefungiwa kabatini, hakuwahi kuigusa.

Ya kwanza aliyoinunua ilikuwa rahisi kupita kiasi. DSO138 huja katika vipande ndani ya mfuko wa plastiki, mnunuzi anachomelea mwenyewe, na ikikamilika ina kioo cha inchi 2.4. Mwaka ule ilimgharimu chini ya shilingi 60,000 pamoja na usafiri. Aliichomelea usiku mmoja, ikawaka, akaona raha isiyo na kifani. Kesho yake aliiweka kwenye mguu wa mapigo ya Commodore, akaona uzi mnene usio na umbo. Akahukumu kuwa mapigo hayapo na prosesa imekufa. Aliagiza prosesa nyingine ya aina ya 6510 kutoka nje, akaisubiri wiki nane, akaibadilisha, na kioo kikabaki cheusi vilevile.

Karatasi iliyokuja na vile vipande ilikuwa imesema kila kitu tangu siku ya kwanza. Kikomo cha chombo kile ni kilohezi 200, nacho huchukua sampuli milioni moja kwa sekunde. Mapigo ya mashine yanakwenda mara tano ya kikomo hicho. Alikuwa akijaribu kuhesabu nguzo za reli akiwa ndani ya treni amefumba macho, akifumbua mara moja kila stesheni. Kosa lilikuwa lake, na mpaka leo halipambi: hakusoma.

Basi akaenda upande wa pili, kwenye vyuma vya zamani. Dar es Salaam kulikuwa na muuzaji aliyekuwa na skopu ya Kijerumani ya kioo cha mwale wa kijani, ya megahezi 20 na chaneli mbili, iliyotoka kwenye maabara ya shule fulani. Nzito kama mtoto wa mwaka mmoja. Muuzaji alisema nzima. Ilipofika Kilosa chaneli ya pili ilikuwa inatetemeka kama mgonjwa wa malaria, na fundi akalazimika kubadilisha kapasita nane kabla haijatulia. Anayenunua skopu ya zamani kwa ajili ya kutengeneza kompyuta ya zamani sharti ajiandae kuwa na wagonjwa wawili mezani. Fundi alifikiri hivyo kwa hasira wakati ule. Sasa anakiri kwamba zile kapasita nane zilimfundisha skopu inavyofanya kazi kuliko kitabu chochote.

Na ilimlipa. Alipogusa tena mguu wa mapigo, kwenye kioo kulijichora vijumba vya mraba, kimoja baada ya kingine, vimenyooka kama matofali yanayokauka juani. Mapigo yalikuwepo siku zote. Prosesa ya zamani ilikuwa nzima, na ile ya wiki nane haikuwa na kosa ila kuagizwa bure.

Aliendelea na waya nane za data, mmoja mmoja. Katika mashine za namna hii volti zilizo chini ya 0.8 husomwa kuwa sifuri, na zilizo juu ya 2.0 kuwa moja. Katikati ni nchi isiyo na mwenyewe. Waya saba zilikuwa zikiruka juu na chini kwa ukamilifu. Wa nane ulikuwa ukipanda mpaka volti moja na nukta nne na kuning’inia pale. Hiyo ni sura ya chipu mbili zinazovutana kamba, moja ikisema juu na nyingine ikikataa kuachia chini. Commodore 64 ya namna ile ina chipu nane za memori za aina ya 4164, kila moja ikibeba biti moja, kwa hiyo waya mmoja mbovu humtaja mhalifu kwa jina. Mita isingeweza kumtaja hata kwa viboko.

Chipu ya kubadilishia ilipatikana jirani zaidi ya alivyotarajia. Ofisi ya shamba moja la mkonge upande wa Kimamba ilikuwa imetupa kompyuta ya mtindo wa IBM XT, na bodi yake ilikuwa na safu za 4164 zilezile. Kabla ya kuzinyofoa, fundi alitaka kujua kama XT yenyewe bado inawaka. Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo kila fundi wa skopu hufanya mara moja, na wengine hawapati nafasi ya kulisimulia.

Probu ya skopu ina ncha ya kupimia na kibanio cha ethi. Kibanio hicho hakielei hewani: kimeungana na chasisi ya skopu, na kwa kupitia plagi kimeungana na ethi ya nyumba. Pawa saplai ya XT huugeuza umeme wa ukutani wa volti 230 kuwa umeme mnyoofu wa volti zaidi ya 320, na upande huo wote umeungana moja kwa moja na nyaya za ukutani. Fundi alikibana kibanio pale alipodhani ni “hasi ya kawaida.” Mlio, mwanga wa buluu, giza. Nusu ya kibanio iliyeyuka, fyuzi ya fremu ikakatika, na kinyozi wa jirani akatoka nje na mashine yake ya kunyolea mkononi, mteja akimfuata na kichwa nusu.

Wapo wanaoshauri kukata mguu wa ethi kwenye plagi ya skopu ili hilo lisitokee. Hapo mlio hauji, lakini chasisi yote ya skopu na vifundo vyake vya chuma vinaweza kuwa na volti za ukutani, vikimsubiri mtu avishike. Anayelazimika kupima upande ule hutumia transfoma ya kutenganisha kwa kile kinachopimwa. Asiyenayo apime upande wa volti ndogo tu, auache ule mwingine. Fundi aliuacha.

Chipu ikanyofolewa, soketi ikawekwa, memori ikaingia. Kioo kikawa cha buluu, na maandishi yakatokea na ile namba ambayo kila aliyewahi kuitumia mashine hii anaijua: baiti 38911 huru. Fundi alimpigia mwalimu simu. Alipoiwasha mashine mara ya pili, ikagoma.

Iliwaka mara moja katika kila mara tatu au nne. Ugonjwa wa namna hii ndio humtesa fundi, na skopu ya mwale wa kijani haikuwa na msaada. Chombo kile huchora vizuri kinachojirudia. Tukio la mara moja, kama sehemu ya kwanza ya sekunde baada ya swichi kubonyezwa, hupita kama kimulimuli na halibaki. Alihitaji skopu ya dijitali, inayoweza kungoja, kunasa, na kukishikilia ilichonasa mpaka mtu amalize kukitazama.

Sasa alijua swali lake, na hilo lilibadilisha namna alivyoangalia bei. Alichukua daftari akaandika mapigo yote ya mashine. Yenye kasi kuliko yote ni ya fuwele ya megahezi 17.73, lakini kwa hiyo fundi huhitaji kujua tu kama inapiga. Yanayofuata ni mapigo ya nukta za picha, megahezi 7.88. Wimbi la mraba limejengwa na mawimbi mengi yaliyopandana, na ili pembe zake zisimong’onyoke skopu inapaswa kufika angalau mara tano ya kasi yake. Mara tano ya 7.88 ni kama megahezi 40. XT inakwenda megahezi 4.77, ZX Spectrum 3.5, BBC Micro 2. Zote zinaingia ndani ya skopu ya megahezi 50 na nafasi inabaki. Uzee wa mashine hizi ni rehema kwa mfuko: ni za polepole, na mwenye kuzitengeneza hana sababu ya kununua megahezi 200.

Skopu za kuchomeka kwenye kompyuta mpakato zilimvutia kwa bei. Hantek 6022BE ilikuwa na chaneli mbili, kikomo cha megahezi 20 na sampuli milioni 48 kwa sekunde. Aligawanya: milioni 48 kwa mapigo ya 7.88 ni nukta sita kwa kila pigo, na kwa nukta sita mraba unaweza kuonekana kama kilima. Kwa prosesa ya megahezi moja ingefaa kabisa. Kikwazo kingine kilikuwa cha mji wenyewe, kwamba umeme ukikatika na betri ya mpakato ikiwa imechoka, skopu nayo inakuwa kipande cha plastiki. Zilikuwepo pia za kushika mkononi, zilizoandikwa megahezi 100 ubavuni kwa herufi kubwa, bila kusema popote zinachukua sampuli ngapi chaneli zote zikifunguliwa. Baada ya prosesa ya wiki nane, fundi alikuwa amekuwa mtu wa kusoma, na kilichokosekana kwenye karatasi kilimtisha kuliko kilichoandikwa.

Akabaki na Rigol DS1054Z: megahezi 50, chaneli nne, sampuli bilioni moja kwa sekunde. Bilioni hiyo hugawanywa. Chaneli nne zikifanya kazi pamoja kila moja hupata milioni 250, na hata hapo mapigo ya picha hupata nukta zaidi ya 30. Bei yake ilikuwa karibu dola 350, wakati dola ikibadilishwa kwa takribani shilingi 2,300. Hesabu ilimpa shilingi laki nane na ushei kabla ya ushuru na usafiri. Alikuwa akitengeneza redio kwa shilingi 5,000. Redio 160, basi, bila kula.

Alisubiri zamu yake ya upatu.

Swali la busara ni kama mwalimu mmoja na kaseti yake wanaweza kuirudisha fedha hiyo. Hawawezi, na fundi hakujidanganya. Skopu ile ilirudishiwa fedha zake na inveta za sola na bodi za televisheni. Ilipofika mwaka wa pili kompyuta za kale zilikuwa zinasafiri bure kwenye gari lililolipiwa na wengine. Anayenunua kwa ajili ya Commodore peke yake, katika mji kama Kilosa, angeweza kutulia na chaneli mbili. Kuanzia mwaka 2023 kuna pia DHO804 ya kampuni hiyohiyo, megahezi 70, yenye biti 12, yaani ngazi 4,096 za volti badala ya 256. Kwa sifuri na moja za miaka ya 1980, ngazi 256 hazijawahi kumpungukia.

Kitu kimoja kilikaribia kumharibia furaha tena, nacho ni swichi ndogo iliyo kwenye probu yenyewe, yenye alama za mara moja na mara kumi. Ikiwa kwenye mara moja, probu za kawaida hubana kikomo hadi megahezi chache tu, hata kama skopu ni ya bei gani, na uzito wake unaweza kuzima saketi inayopimwa. Siku ya kwanza miraba ilitoka imelegea kama chapati. Akaisogeza kwenye mara kumi, akaikaza skrubu ya kusawazisha kwa wimbi la majaribio la kilohezi moja linalotoka mbele ya skopu, miraba ikasimama.

Kisha akatega. Chaneli ya kwanza kwenye volti 5, ya pili kwenye waya unaoiamuru prosesa isubiri na kisha ianze. Akaweka kunasa mara moja, akabonyeza swichi ya mashine. Kwenye kioo, mstari wa volti 5 ulipanda, ukaanguka, ukapanda, ukaanguka, ukatulia, yote ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Memori haikuwa na tatizo, wala prosesa, wala pawa saplai aliyoitengeneza. Ilikuwa swichi ya kuwashia, iliyoshika kutu laini kwa miaka mingi ya unyevu na vumbi chini ya kitanda. Aliifungua, akaisafisha kwa spiriti na pamba, na skopu ya laki nane ikawa imetibu ugonjwa wa shilingi mia tano.

Mwalimu alikuwa na magoti mabovu siku hizo, kwa hiyo fundi ndiye aliyepanda basi kwenda Mikumi, mashine mapajani. Skopu kubwa aliiacha dukani. Hakuthubutu kuipitisha kwenye mashimo yale. Katika mfuko wa shati alitia ile ndogo ya inchi 2.4, bila kufikiri sana, na betri yake.

Kompyuta iliwaka mara kumi kati ya kumi. Kaseti ikakataa. Kioo kiliandika kwamba kinatafuta, kikaendelea kutafuta, utepe ukaisha. Mwalimu hakusema neno. Fundi akakumbuka kuwa kaseti za Commodore huandikwa kwa mapigo ya urefu wa aina tatu, fupi, ya kati na ndefu, na kwamba ile fupi kabisa ni mikrosekunde 352, chini ya kilohezi tatu. Kwa kasi hiyo hata mtoto wa kilohezi 200 anaona mchana kweupe. Akachomoa skopu ndogo mfukoni, akaiunganisha kwenye waya wa kusomea wa kinasa kaseti, akabonyeza kitufe cha kucheza.

Mapigo yalikuwa yakija yamechanganyikana, mengine yakiruka, kama maneno ya mtu anayeongea na chakula mdomoni. Kichwa cha kinasa kilikuwa kimepinda. Kina skrubu ndogo ubavuni. Fundi aliigeuza robo ya robo, macho yakiwa kwenye kioo cha inchi 2.4, mpaka mapigo yakajipanga katika urefu wa aina tatu tu na yakakaa hivyo.

Wakarudisha utepe mwanzo. Mashine ikasema imepata. Ikapakia kwa dakika kadhaa, jikoni mtu akaleta chai, hakuna aliyeinywa. Halafu kioo kikafutika na neno moja likatokea katikati, kwa herufi kubwa: KITENDAWILI. Chini yake kialama kikawa kinawaka na kuzimika.

Mwalimu aliisogeza kibodi karibu na kwa kidole kimoja akaanza kuitafuta herufi T.